Podsho Hamwinukii Mtu

Kijiji chetu kina nyumba arobaini, khalifa mmoja wa kutusomea dua, na podsho wasio na idadi. Usicheke. Podsho kwa lugha yetu ni mfalme aliye juu ya wafalme, yule ambaye wafalme wadogo walimpelekea kodi wakiwa wameinama. Lakini sisi wa bonde la mto Panj, ambako hata punda hupita kwa kujibana, neno hilo kubwa tumelitumia mpaka limelainika kama kiatu cha zamani. Bibi akianza hadithi, lazima podsho atokee kabla hujamaliza kukaa. Yule Mfalme Mweupe wa Warusi, ambaye askari wake walifika huku enzi za babu ya babu yangu wakapima milima na kuomba maziwa, naye alikuwa podsho. Mume aliyelala chini ya mforosadi huku mkewe anabeba kuni, tunamsalimu, “Umeshindaje, podsho?” na kwa kuwa hana haya, anajibu, “Alhamdulillahi.”

Halafu kuna majina. Simama darajani uite “Sho!” na nusu ya wanaume watageuka: Olamsho, Davlatsho, Gharibsho. Kila mmoja ana kipande cha ufalme mkiani mwa jina lake, na ng'ombe wake hawazidi wawili.

Mimi Shakarmo nafuga nyuki. Kwenye mizinga yangu podsho ni yule mmoja mwenye tumbo refu, ambaye wenzake wote wanamlisha na kumfuata. Wazee wetu walimpa jina hilo tangu kale, na hatujalibadilisha, ingawa kila mfugaji anajua kwamba kazi ya podsho huyo mchana kutwa ni kutaga mayai.

Lakini podsho anayetutoa jasho, yule tunayemtandikia na kumpikia, ni bwana harusi. Tangu asubuhi anapofungwa kilemba mpaka anapomvusha mkewe kizingiti, kijana yeyote, awe mchungaji au dereva, ni podsho. Anakalishwa juu ya magodoro yaliyopangwa mbele ya nguzo kuu ya nyumba, rafiki zake wanakuwa mawaziri, na neno lake halipingwi. Yeye naye ana sharti moja: hamwinukii mtu. Aingie khalifa, aingie mkuu wa wilaya, aingie babu yake mzaa baba, podsho anabaki amekaa. Akiinuka, ufalme umemtoka. Magodoro anayakalia yule aliyeinukiwa, na huyo hutoa amri moja isiyokataliwa na yeyote, ndipo amrudishie mwenyewe kiti chake. Na podsho aliyeinuka, wanasema wazee, atatawaliwa nyumbani kwake maisha yake yote.

Basi vijana hushinda wakimtega. Davlatsho jirani yangu, siku ya harusi yake, aliinuka kwa sababu ya nyigu. Tangu hapo mkewe ndiye anayeshika funguo, na kila tukikutana naye tunamwuliza yule nyigu alitoa amri gani.

Sasa nikueleze habari za Nekqadam. Alizaliwa majira ya njaa, wakati vita vya huko nyanda za chini vilipofunga barabara na unga ukawa unakuja kwa malori ya msaada. Mama yake, Savsan, alikuwa jirani yangu ukuta kwa ukuta, na shoga yangu tangu tulipokuwa wasichana wa kuiba forosadi za watu. Alijifungua salama, tukashangilia. Kisha homa ikampanda, na njia ya kwenda hospitali ilikuwa chini ya theluji. Alikuwa hoi, lakini alininyoshea kile kifurushi akasema, “Mshike kidogo tu, Shakarmo, nipumzike.” Nikamshika. Savsan akapumzika, na hakuamka tena.

Olamsho, mumewe, alivumilia mpaka theluji ikayeyuka, kisha akaenda Urusi kutafuta riziki kama wanaume wote wa mwaka ule. Akipata hela alituma hela, akikosa alituma salamu. Huko akaoa, huko akaota mvi. Simlaumu sana. Nilimlaumu zamani, nikachoka.

Mimi Mungu hakunijalia kuzaa, na mume wangu alifariki mapema. Kwa hiyo unaweza kufikiri mwenyewe yaliyosemwa kule mferejini wanawake wanakochota maji. “Shakarmo kafiwa na jirani, kapata mtoto wa bure.” Mwingine akaongeza, “Tasa naye ana akili, anasubiri wenziwe wazae.” Maneno hayo yaliniingia mfupani. Nikajiwekea sheria. Mtoto aniite khola, kama watoto wote wa kwetu wanavyomwita mama mdogo au jirani wa makamo, nami nimwite kwa jina lake. Ndani, akiwa amelala, nilimwita mwanangu mpaka nikatosheka. Nje sikuthubutu, hata siku aliyoanguka kutoka juu ya paa akavunjika mkono. Nilimbeba mgongoni hadi barabarani nikilia, “Nekqadam! Nekqadam!” na lile neno lingine nikaliuma kwa meno.

Akakua. Akawa kijana wa maneno machache na mikono mizuri, fundi wa magari, hana makeke. Akampata Anzurat, muuguzi wa ng'ambo ya daraja, msichana ambaye kicheko chake kinabisha hodi kabla yake. Na kwa ajili ya harusi, Olamsho akarudi. Alishuka garini na koti la ngozi na mikono isiyojua iwekwe wapi. Alikuwa amewajengea vijana nyumba mjini, ya matofali, yenye bomba la maji ndani. Nilimpa mkate na asali, akala, akasema, “Ahsante, Shakarmo,” na mimi nikasema, “Karibu.” Ndiyo yaliyokuwepo ya kusemwa.

Aliyekuwa na mengi ni dada yake, Bakhtbegim. Alikuja kwangu wiki ya harusi, ameshika kiuno.

“Shakarmo, dada yangu, mbona umekonda? Nyuki siku hizi wanakula asali yao wenyewe?”

“Karibu, Bakhtbegim. Sema lililokuleta, mkate wangu unaungua.”

“Ni hivi basi. Harusi itakuwa kwetu, kwa kina baba yake. Na kwa tanuri hakuna anayekufikia, kila mtu anajua. Tumeona wewe ukae jikoni.”

“Nitakaa. Na unga?”

Alijua ninachouliza. Kwetu mtu haanzi safari ya heri bila kupakwa unga kwenye bega la kulia. Anayempaka ni mama yake. Bwana harusi anapotoka kwenda kumchukua mkewe, bega lake jeupe linawaambia wote anaokutana nao njiani kwamba huyu ana mama nyuma yake. Nilikuwa nimeifikiria siku hiyo tangu Nekqadam anatambaa. Sikutaka kuketi mbele, sikutaka zawadi ya shali, sikutaka kutajwa kwenye dua. Nilitaka lile bega tu.

“Unga nitapaka mimi,” akasema Bakhtbegim. “Mimi ni shangazi, damu yake. Savsan hayupo, Mungu amrehemu. Usinielewe vibaya. Umemlea, nani anakataa? Lakini uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.”

“Na wewe ulimzaa lini?”

Akacheka, lakini kwa pua. “Ulimi wako huo! Ndiyo maana nyuki wanakuogopa.” Akachukua mkate mmoja wa moto, akauvunja, akaondoka akitafuna. Mkate wenyewe ulikuwa mtamu, hilo nalo liliniudhi.

Nekqadam alikuwa nyuma ya ukuta anapigilia mzinga misumari. Akaja na nyundo mkononi.

“Nimesikia, khola.”

“Umesikia nini?”

“Shangazi ana sauti ya mnadani, hata mto umesikia. Nitaenda kusema na baba.”

“Thubutu! Baba yako amekuja na haya yake, mwache avute pumzi. Unataka watu waseme nimekutuma? Podsho hagombani kwa ajili ya unga.”

Akageuza nyundo mikononi. Kisha akauliza, “Hivi lile sharti ni la kweli? La kutoinuka?”

“Hata paa likianguka.”

“Hata ukiingia wewe?”

“Hasa nikiingia mimi! Unataka Anzurat akutawale maisha yako yote?”

“Mbona ameshaanza,” akasema, akarudi kwenye misumari yake.

Siku ya harusi nilikuwa jikoni kabla jua halijagusa kilele. Nikakanda, nikachoma, nikakanda tena. Jiko lao limeshikana na chumba kikubwa, kwa hiyo habari za podsho nilikuwa nikiletewa na wasichana waliokuja kuchukua mikate. Alikuwa amenyolewa, amefungwa kilemba cheupe, amevikwa joho, na waziri mkuu wake alikuwa Dilovar, yule kijana mwenye mdomo usiofungwa hata msibani.

“Wamepiga kelele za moto,” msichana mmoja akaniambia huku anacheka. “Hakutikisika!”

“Safi.”

“Wakamwambia ng'ombe wake amezama mtoni. Kasema, basi ajifunze kuogelea.”

Nikacheka mpaka nikafuta macho kwa kiwiko, maana mikono ilikuwa imejaa unga. Walimtupia kifaranga mapajani, akakipa makombo ya mkate. Mkuu wa wilaya akaingia na tai yake, watu wote wakasimama, podsho akamnyoshea mkono akiwa amekaa. “Karibu, mtumishi wangu,” akasema, na nyumba ikaangua kicheko, mkuu mwenyewe akacheka kuliko wote. Akaingia Khalifa Gharibsho na fimbo yake. Podsho amekaa. Mwishowe akaingia Olamsho, baba mtu. Hapo nilisikia matari yakipungua sauti, maana watu walitaka kuona. Msichana akanisimulia baadaye: Olamsho alisimama mbele ya mwanawe, macho mekundu, na Nekqadam akauvuta mkono wake akaubusu, lakini hakuinuka. Sharti ni sharti. Nikajiambia, mtoto huyu nimemlea vizuri, na nikapiga donge la unga ubaoni kwa furaha na kwa wivu, sijui kipi kilizidi.

Kisha ikafika saa ya kuondoka. Madereva wakapiga honi. Nikamsikia Bakhtbegim akiita kutoka chumbani, “Unga! Jamani, leteni unga!”

Wasichana wote walikuwa wamekimbilia nje kuona magari yaliyopambwa. Nilibaki mimi na tanuri.

“Nyie wa jikoni, mmelala? Unga!”

Niliangalia huku na huku nipate hata mtoto wa kumtuma. Hapakuwa na mtu. Basi nikachota unga kwenye bakuli la mbao, ule mweupe niliokuwa nimeuchekecha mara mbili, na nikaenda kumpelekea mwanamke mwingine ampake mwanangu. Nakuambia kweli, nilitamani ardhi ipasuke. Nilikuwa na masizi usoni, aproni imelowa, ushungi umekaa upande. Nilikusudia kuweka bakuli, nigeuke, nitoke.

Nikavuka kizingiti. Nekqadam akainuka.

Hakukurupuka. Alikunja mguu mmoja, kisha wa pili, akashika kilemba kisidondoke, akasimama wima juu ya yale magodoro. Matari yakakatika. Dilovar akamrukia akamvuta joho.

“Kaa! Kaa haraka, hawajaona!”

“Wameona,” akasema Nekqadam.

Watu wakabaki midomo wazi. Kuna bibi mmoja aliyejipiga kifua akasema, “Yule wa nyigu angalau aliumwa.”

“Ameteleza!” akapiga kelele Bakhtbegim. “Mguu umekufa ganzi. Si umekufa ganzi, mwanangu?”

“Haujafa ganzi, shangazi. Nimemwinukia huyu.” Akanionyesha kwa mkono mzima, kama mtu anavyomkaribisha mgeni. “Nimemwinukia kwa akili zangu. Mpisheni akae.”

Nikataka kumkaripia. Nikataka kumwambia ameharibu, atachekwa mpaka uzeeni.

Bakhtbegim akanitangulia. “Mwanamke hawi podsho! Tangu lini? Khalifa, sema wewe!”

Khalifa Gharibsho alikuwa ameegemea nguzo anakunywa chai yake. Hana haraka, yule mzee. Hata dua anaisoma kama anayepanda mlima. “Shakarmo,” akasema, “mizinga yako inatawaliwa na nani?”

“Na podsho, khalifa.”

“Dume au jike?”

“Jike.”

“Basi nyuki wameshatoa fatwa. Mimi nani niwapinge?”

Watu wakacheka, nikadhani imekwisha. Lakini Bakhtbegim alikuwa ameumia, na mtu aliyeumia hachagui jiwe la kurusha. “Podsho wa nyuki anazaa!” akasema. “Anazaa mzinga mzima. Huyu kamzaa nani?”

Kicheko kikafa. Bakuli lilikuwa bado mkononi mwangu. Miaka yote nilikuwa nalisikia swali hilo nyuma ya mgongo wangu, na sasa lilikuwa limesemwa mbele ya uso, mchana, harusini. Jibu lake ni moja tu, na kila mtu analijua.

Aliyejibu ni Olamsho. Alikuwa amesimama karibu na mlango, mahali wanaposimama wageni, na alisema polepole, kwa sauti ya mtu ambaye lugha yake mwenyewe imeanza kumwia ngumu.

“Bakhtbegim, kuzaa si kazi, kazi kulea. Mimi nilizaa, nikaenda zangu. Mkalishe.”

Dilovar akanishika kiwiko, akanipandisha. Nikakaa juu ya magodoro ya podsho na aproni yangu na masizi yangu, na Nekqadam akasimama chini mbele yangu, mikono kifuani, kama raia.

Na mimi sikuwa nimewahi kukaa chumba kile mahali pengine zaidi ya karibu na mlango. Kutoka juu pale nyumba inaonekana nyingine. Niliona nyuso zote. Hapakuwa na hata mmoja aliyenicheka, na wengine walikuwa wanalia waziwazi, hata wale wa mferejini.

“Amri moja, podsho,” akatangaza Dilovar, ambaye raha ilikuwa imemrudia. “Isiyokataliwa! Amuru kondoo! Amuru wawili!”

“Muamuru mkuu wa wilaya atutengenezee daraja!” sauti ikatoka nyuma, na mkuu wa wilaya akakohoa akatazama chai yake.

“Muamuru Bakhtbegim aoshe masufuria!”

Kelele zikazidi. Mimi nilikuwa namtazama Nekqadam. Sikufichi, amri ilinifika kwenye ncha ya ulimi: Usihame. Baki hapa, ukuta kwa ukuta na mimi, na Anzurat wako, nyumba ya mjini waishi panya. Neno moja tu, na asingeweza kulikataa, wala baba yake, wala khalifa. Naye alijua. Alikuwa ananitazama bila kupepesa, na nikaona kwamba ningelisema, angetii na asingelalamika hata siku moja. Hapo ndipo lilipoyeyuka lenyewe. Mzinga ukijaa hugawanyika, na mfugaji anayeuzuia anaua wote. Nilitaka nini mimi tangu mwanzo? Bega tu.

Nikatumbukiza mkono ndani ya bakuli.

“Inama, mwanangu,” nikasema.

Nilisema kwa sauti ya kawaida. Hata hivyo lilisikika mpaka uani, maana nyumba ilikuwa imetulia tuli. Nekqadam akainama. Nikaweka kiganja changu kizima juu ya bega lake la kulia, nikakibonyeza, nikakiacha hapo kidogo. Alipoinuka, vidole vyangu vyote vilikuwa vimebaki kwenye joho.

Vigelegele vilipasua paa. Matari yakarudi. Katikati ya kelele zile nikamwona Olamsho amefika mbele yangu, kofia mkononi.

“Podsho,” akasema, na hakuwa anatania. “Siku ile niliondoka alfajiri bila kuaga, nisije nikamwona mtoto nikashindwa kwenda. Sikupakwa unga.”

Akainama. Amri yangu nilikuwa nimeshaitumia, kwa hiyo hili lilikuwa hiari yangu kabisa. Nilichovya mkono tena nikampaka bega la kushoto. La kulia ataliomba mwakani, nikiwa nimezidi kupoa.

Sheria inasema podsho aliyeketi hunyweshwa chai na mwenye nyumba, kwa mikono miwili. Mwenye nyumba ni Bakhtbegim. Alikuja na bakuli la chai yetu ya maziwa, yenye chumvi na siagi juu, midomo ameibana kama anayevuta uzi kwenye sindano.

“Chai, podsho wangu,” akasema.

“Ahsante, Bakhtbegim.”

Akainama kuniwekea, akanong'ona bila kunitazama, “Lile neno la kuzaa, dada, limenitoka. Lisahau.”

“Nimelisahau,” nikamwambia, na nikashangaa kuona kwamba ni kweli.

Nilikunywa polepole. Nani angekunywa haraka? Honi zililia nje, Dilovar akaruka huku na huku akisema bibi harusi ataolewa na mwingine, nami nikamaliza bakuli langu mpaka tone la mwisho la siagi. Kisha nikashuka, nikapangusa godoro kwa mkono, nikamwambia Nekqadam, “Kaa, podsho.” Akakaa kwa muda wa pumzi moja, ili sheria itimie, halafu wakambeba juujuu mpaka garini.

Alasiri akarudi na Anzurat. Nilikuwa mlangoni, safari hii mbele, nimeoshwa uso na kuvishwa shali ambayo sijui ilitoka wapi. Anzurat alikuwa chini ya mtandio mwekundu, hatakiwi kusema neno mpaka avuke kizingiti, lakini nani wa kumfunga mdomo? Nilimsikia akimwuliza mumewe kwa kunong'ona, “Nani kakupaka unga mkono mzima hivi? Joho la watu!”

“Mama,” Nekqadam akajibu.

Alisema hivyo tu, kama mtu anayetaja jina la mto. Wakavuka kizingiti, na ufalme wake ukaisha. Dilovar akampiga mgongoni, “Pole, bwana. Umeinuka, sasa utatawaliwa mpaka kufa.” Anzurat akafunua mtandio akasema, “Inshallah,” na watu wakacheka upya.

Wamehamia mjini. Nyumba ina bomba la maji ndani kama alivyosema Olamsho, nimeliona kwa macho yangu, na chumba kimoja wamekiita changu. Siku nyingine nakwenda, siku nyingine nasema nyuki hawaniruhusu. Olamsho amebaki kijijini kwao, anajifunza kwangu kushika mizinga, anaumwa sana na nyuki, na halalamiki. Nikipita mferejini siku hizi wananisalimu, “Podsho, umeamkaje?” Wanatania, lakini wananisogezea ndoo.

Jua lilipokuwa linashuka siku ile ya harusi, niliwaacha wanacheza nikaenda kwenye ule ukuta wetu wa mawe, mahali palipobonyea kwa sababu mimi na Savsan tulikuwa tunaegemea hapo tukipokezana moto, chumvi na umbea. Unga ulikuwa bado umenishika kwenye kucha. Nilikuwa na furaha ya kunielemea, na sikuwa na mtu mwingine wa kumshukuru kabla yake.

“Savsan, shoga yangu,” nikamwambia, “ahsante. Nilimshika kidogo tu, kama ulivyosema. Pumzika sasa.”